Kuuza Leso kwa Simu: Mwongozo kwa Mchuuzi wa Mombasa

Mteja anayekaa Mtwapa au Likoni haji tena kisiwani kwa ajili ya doti moja tu ya leso, yaani jozi moja. Hutazama stetasi za WhatsApp huku amepumzika baada ya kupika, na akipendezwa na kitu huuliza papo hapo kama kipo na ni pesa ngapi. Mwongozo huu ni wa yule mwenye simu moja na mtaji mdogo, ambaye huenda hana hata meza ya kutandazia bidhaa zake, na angependa kumfikia mteja huyo bila ya kununua matangazo. Nimeuza leso kwa njia hii, na sehemu kubwa ya ninayoyaeleza hapa nimejifunza kwa hasara.

Anza kwa kuifahamu bidhaa jinsi mnunuzi anavyoifahamu. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak ya hapa Mombasa, ambayo ilianza biashara mwaka 1887 na hujulikana kote Pwani kwa chapa yake ya "Mali ya Abdulla", imedumu miaka yote hiyo kwa kitambaa ambacho tayari kina maneno yake. Leso ina pindo pembeni, ina mji, yaani sehemu ya katikati, na ina jina, yaani msemo ulioandikwa juu yake. Mama anayeingia dukani huitandua, husoma jina, kisha ndipo huuliza bei, kwa sababu leso yenye jina la "Wema hauozi" humfaa mkwe, na leso yenye jina la "Usisafirie nyota ya mwenzio" hununuliwa kwa makusudi mengine kabisa. Anayeuza kwa simu asipolionyesha jina huwa ameficha kile ambacho mteja alikuja kukitafuta, na hilo ndilo kosa ninaloliona kila siku katika stetasi za wenzangu: picha nzuri, rangi zinang'aa, lakini jina limekatwa.

Picha

Piga picha asubuhi, baina ya saa mbili na saa nne, barazani au mahali pengine penye kivuli cheupe, yaani pasipopigwa na jua moja kwa moja lakini penye mwangaza wa kutosha. Jua la adhuhuri huifanya rangi ipauke, na taa ya ndani huipaka kila kitu umanjano. Nakumbuka kisutu, leso ya harusi, nilichokipiga picha usiku chini ya balbu ya sebuleni. Kisutu, kama tujuavyo, ni chekundu, cheusi na cheupe, na huwezi kumwambia mtu anayeandaa harusi kwamba rangi si muhimu. Katika picha yangu weupe ulitoka kama samli, na wekundu ukaelekea kutu. Mteja wa kwanza aliyeiona alidhani ni kitambaa cha zamani akaniuliza kwa upole kama nimekitoa sandukuni. Wa pili, wa Bamburi, alikipenda kwa rangi ile ile ya picha, na kilipomfikia alikirudisha kwa sababu hakikuwa alichokiona. Nililipa nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, na haki ilikuwa yake. Tangu siku hiyo sijapiga picha ya leso usiku.

Kila leso yahitaji picha tatu tu. Ya kwanza ionyeshe leso nzima ikiwa imetundikwa kambani na kunyooshwa, pembe zote nne zikionekana, kwa kuwa mteja hutaka kuona mji na pindo kwa pamoja. Ya pili iwe ya jina peke yake, karibu kiasi cha kusomeka bila ya kuikuza. Ya tatu iwe ya pembe moja iliyoshikwa kwa vidole, ili nyuzi zionekane na mtu akadirie uzito wa kitambaa. Ninaona picha hii ya tatu huuza kuliko nyingine zote, kwa sababu mama wa Mombasa hununua leso kwa vidole, na hapo ndipo unapomkaribisha aiguse kwa macho. Futa lenzi ya kamera kwa pamba safi kabla ya kuanza. Jasho la mkono na chumvi ya upepo wa bahari huacha ukungu ambao wewe mwenyewe umekwisha uzoea, ila mteja anauona.

Usichukue picha ya muuzaji mwingine. Kando ya kuwa ni dhuluma, rangi ya gora lake la kitambaa huenda si rangi ya gora lako.

Maneno na bei

Andika bei. Sielewi kabisa desturi iliyoenea ya kuweka picha na kuandika kwamba bei itatolewa faraghani, kana kwamba bei ni siri ya nyumba. Mteja anayelazimika kuuliza hudhani kwamba atapimwa kwanza uwezo wake kwa jina lake au mtaa anaokaa, na wengi hupita bila kuuliza. Anayeona bei na kuandika anakuwa amekwisha amua nusu ya jambo, na mazungumzo yanayobaki ni ya rangi na ya kufikishiwa.

Chini ya picha yatosha kuandika jina la leso, rangi, bei ya doti, kama imekwisha pindwa au bado, na mtaa ulipo. Kwa mfano: "Wema hauozi. Kijani na manjano. Shilingi 800 kwa doti, haijapindwa. Kupinda ni shilingi 50. Niko Majengo." Maneno kama hayo mtu huyasoma kabla ya kidole kupita. Sifa kama "nzuri sana" au "ya kipekee" ziache, kwa kuwa picha imekwisha zisema au imeshindwa kuzisema.

Jinsi stetasi inavyofanya kazi

Stetasi za picha ziliingia WhatsApp mwaka 2017, na kila moja hufutika baada ya saa 24. Jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui ni kwamba kwa kawaida mtu huiona stetasi yako iwapo tu wewe umeihifadhi nambari yake na yeye ameihifadhi yako. Unaweza kuwa na wateja mia tatu katika simu yako na ukatazamwa na arobaini, si kwa sababu hawakupendi bali kwa sababu hawajakuhifadhi. Kwa hiyo kila unapomaliza kuuza, mwombe mteja aihifadhi nambari yako kwa jina la bidhaa, mfano "Leso Majengo", ili akikuhitaji baada ya miezi sita asiwe anatafuta jina ambalo halikumbuki. Sharti hilo hilo lipo katika orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi, ambayo huchukua watu 256: asiyekuhifadhi hapati kitu.

Ukiweza, tumia WhatsApp Business, programu iliyotolewa mwaka 2018 na ambayo haina malipo. Ina katalogi, iliyoongezwa mwaka 2019, na hapo picha zako hukaa bila kufutika, pamoja na bei. Stetasi itangaze kilichoingia leo. Katalogi ishike kilichopo siku zote. Leso iliyokwisha iondoe siku hiyo hiyo, kwani kumwambia mteja "hiyo imekwisha" mara mbili mfululizo ni kumfundisha asiulize tena.

Picha tano au sita kwa siku zinatosha. Wakati unaofaa utaujua kwa daftari lako mwenyewe; langu linaonyesha kwamba maswali mengi huja baada ya magharibi, na kwamba Ijumaa mchana ni bora kunyamaza. Katika wiki mbili za mwisho za Ramadhani hali hubadilika kabisa, watu huagiza usiku wa manane baada ya tarawehe, na mwenye kutaka kuuza kwa ajili ya Idi sharti awe macho wakati huo na awe ameshaweka akiba ya bidhaa mapema.

Kujibu

Programu hukuruhusu kuandaa majibu ya haraka, na yafaa kuyatumia kwa mambo yasiyobadilika kama vile nambari ya malipo. Salamu, hata hivyo, iandike mwenyewe. Mama mtu mzima akikuandikia "Asalaam aleikum mwanangu, ile ya bluu ipo?", ukimjibu kwa tangazo lililopangwa tayari umemvunjia heshima. Mjibu "Waaleikum salaam khalati, ipo, imebaki doti mbili", kisha ndipo umpe maelezo. Akituma ujumbe wa sauti, nawe mjibu kwa sauti, kwani huenda hakuchagua sauti kwa uvivu bali kwa sababu miwani haiko karibu. Ukiwa na shughuli, jibu fupi la kusema utarudi kwake baada ya saa moja ni bora kuliko kimya, mradi urudi kweli.

Malipo

Nambari ya Lipa na M-Pesa hutenganisha pesa za biashara na za nyumbani, nayo hukuondolea usumbufu wa kugawa nambari yako ya kibinafsi kwa kila mlipaji. Kanuni iliyo kubwa kuliko zote ni hii: bidhaa haitoki kwa picha ya ujumbe wa malipo. Kijana mmoja alinionyesha katika simu yake ujumbe wenye jina langu, kiasi sahihi na saa sahihi, nami nikampa doti tatu kwa sababu simu yangu ilikuwa inachajiwa chumba cha pili. Ujumbe ule ulikuwa umeandikwa kwa mkono. Ujumbe wa kweli huja katika simu yako mwenyewe, chini ya jina la MPESA na si nambari ya mtu, na salio lako huongezeka. Tazama salio hata kama foleni ni ndefu.

Na akikupigia mtu akisema amekutumia pesa kwa makosa katika nambari yako ya kawaida, usimrudishie wewe. Mwelekeze aupeleke ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456, na Safaricom itashughulikia kuurudisha muamala huo. Mwenye haki hatakasirika. Vivyo hivyo, tarakimu sita ambazo WhatsApp hukutumia ili kuthibitisha nambari usimpe yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni msimamizi wa kundi lenu la mtaa, na uweke pia nambari ya siri ya hatua ya pili katika mipangilio. Akaunti ikitekwa, wateja wako wote wataombwa pesa kwa jina lako.

Kufikisha, na picha za wateja

Taja nauli ya bodaboda kabla ya mteja kulipa, na uitaje kando na bei ya leso. Kwa walio Likoni, kuvuka kwa miguu katika feri hakulipiwi, kwa hiyo mara nyingine ni nafuu kukubaliana mkutane ng'ambo siku unayokuwa na oda kadhaa kuliko kumlipa mpanda pikipiki kwa kila moja.

Mteja aliyejifunga leso yako akapendeza ni tangazo zuri, lakini sura ni yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini kabla ya kutumia taarifa za mtu kwa biashara, na mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ya ruhusa yake. Hata pasipo sheria, hapa kwetu kuna waume na wazazi ambao hawataki picha za jamaa zao zizunguke, na kuna mama ambaye hataki mkwe ajue alinunua leso yenye jina gani. Omba idhini kwa maandishi na uihifadhi. Au omba picha ya leso bila ya uso.

Mwishowe, nunua daftari. Kila jioni andika majina ya leso yaliyoulizwa, hata yale ambayo hukuwa nayo, na uweke alama kwa kila swali. Siku ya kwenda Mtaa wa Biashara kuchukua gora jipya, chukua daftari hilo pamoja na pesa, na uanze na jina lenye alama nyingi.