Umeokota mfupa mzito pembeni ya Mtera? Jinsi ya kujua ni kisukuku au ni ng'ombe tu

Kiangazi maji ya bwawa la Mtera, kati ya Dodoma na Iringa, yakishuka lazima utasikia mtu kaokota mfupa mweusi mzito, ashaanza kusema dinosauria. Tulieni kwanza jamani. Kisukuku ni mfupa wa kale uliojaa madini mpaka ukawa kama jiwe, na si kila mfupa mzito ni kisukuku.

Kabla hujauangalia mfupa angalia pale ulipokuwa umelala. Dodoma sehemu kubwa ni graniti, yale majabali ni uji wa moto ulioganda chini ya ardhi mabilioni ya miaka iliyopita, humo huwezi kupata mfupa hata uchimbe mpaka kesho. Mifupa ya kale inakaa kwenye udongo ulioletwa na maji ukatulia, yaani kwenye mbuga (mabonde ya udongo mweusi), makorongo na maziwa yaliyokauka. Isimila kule Iringa ni korongo, na wamepata mifupa ya kiboko wa aina ambayo haipo tena duniani. Dinosauria wale wakubwa walitoka Tendaguru, Lindi, miamba tofauti kabisa. Mtera lenyewe ni bwawa la miaka ya 1970 tu, kwa hiyo mfupa uliolala juu juu ya mchanga mara nyingi ni ng'ombe aliyekuja kunywa akanasa kwenye tope. Ila ukiuona unachomoza kwenye ukingo uliokatwa na maji, na juu yake kuna matabaka ya udongo mgumu, hapo ndo uanze kusisimka.

Rangi haisemi kitu. Tope la mbuga linautia mfupa weusi ndani ya muda mfupi, na chokaa ya ardhi yetu inaganda juu ya kila kitu, kipya na cha zamani. Bora uzito: tafuta mfupa mkavu wa kawaida wa saizi ileile, shika huu mkono mmoja na ule mwingine. Kisukuku vitundu vyake vimejaa madini, kinalemea, na ukikigonga taratibu na kijiwe kinalia kama kigae, wakati mfupa mpya unalia kama mti mkavu. Angalia na pale ulipovunjika, jiwe la kawaida ndani ni zege tupu ila mfupa una ganda gumu nje alafu katikati vitundu vitundu. Ukiona umekatwa umenyooka kabisa, huo ni msumeno wa bucha, labda mtu alitoka na nyama yake mnada wa Msalato huko.

Kuna wanaosema lamba, ukinata kwenye ulimi ni kisukuku. Usilambe! Mfupa mpya uliokauka nao unanata, alafu kuna ugonjwa wa kimeta, vimelea vyake vinakaa ardhini miaka na miaka. Shika na mfuko wa nailoni, nawa mikono.

Sasa ni wa mnyama gani? Kama unakula supu ya makongoro basi nusu ya kazi unaijua: mfupa mmoja mrefu, chini una vichwa viwili vya mviringo na mfereji katikati. Ng'ombe, mbuzi, swala, nyati na twiga wote wako hivyo, tofauti ni ukubwa na unene. Punda na pundamilia kichwa ni kimoja. Ila ukipata gego ndo umepata, meno yanasema kuliko mfupa wowote. La ng'ombe juu lina michoro ya mwezi mwandamo, la tembo limepangwa mabamba mabamba, la kiboko likilika linaacha alama ya jani lenye sehemu tatu. Pingili ya mgongo iliyobonyea pande zote mbili ni samaki.

Ukishaamini ni kisukuku usikichomoe. Weka sarafu pembeni, piga picha pande zote na ncha zote, piga na ule ukingo wenyewe, hifadhi lokesheni kwenye simu. Vitu hivi vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, hivyo peleka taarifa Idara ya Mambo ya Kale, Wizara ya Maliasili iko hapahapa Dodoma, au waoneshe picha watu wa jiolojia Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Na kama ni jino la kiboko au pembe ya tembo liache palepale hata lionekane limezeeka vipi, maana ukikutwa nalo kwenye begi hiyo ni nyara ya serikali, na askari wa wanyamapori hatakusubiri uligonge na kijiwe asikilize mlio.