Paka wa figo na vidonge vya miezi: namna ninavyomuuguza Kashata nyumbani

Kashata ana miaka 14 na mwezi huu ametimiza mwaka na nusu tangu tuambiwe figo zake zimechoka. Naandika hii kwa ajili ya wewe uliyetoka kliniki leo na mfuko wa vidonge, paka kajikunja chini ya kochi, na hujui uanzie wapi. Anzia kwenye chakula. Vidonge vinafuata, na sitanii.

Ugonjwa wenyewe kwa kifupi: figo za paka zinachoka kimya kimya, kreatinini (taka ambayo figo huichuja) kwenye damu inaanza kupanda wakati karibu robo tatu ya uwezo wa figo imeshaenda, kwahiyo acha kujilaumu eti ungeona mapema. Unachoona wewe ni paka anakunywa maji kama katoka safari, anakojoa sana, uti wa mgongo unaanza kuhesabika, mdomo unanuka, asubuhi anatapika povu. Kupona haiponi. Unaisogeza tu, na wapo wanaoisogeza miaka kadhaa.

Sasa chakula. Paka akikaa siku mbili tatu bila kula mwili unakimbizia mafuta kwenye ini, ini linajaa, na hapo unakuwa na wagonjwa wawili ndani ya paka mmoja, na wale wanene ndio wanawahi zaidi. Ndio maana nasema dawa inayomfanya asile siyo ya kuvumilia kimya kimya, ni ya kumpigia daktari simu. Chakula maalumu cha figo, chenye fosforasi ndogo (madini ambayo figo zilizochoka zinashindwa kuyatoa), ndicho bora kama unakipata na kama anakubali. Kashata alikinusa akafukia kwa mguu, vile wanavyofukia choo. Daktari akaniambia kitu ambacho nimekishika mpaka leo: paka anayekula chakula kisicho sahihi ni bora kuliko paka ambaye hali kile sahihi. Kwahiyo nachemsha samaki bila chumvi, natoa mifupa yote maana fosforasi nyingi iko humo (dagaa wazima nimewapunguza kwa sababu hiyo, alilia wiki nzima), nampa kwa sahani bapa, vuguvugu, kidogo kidogo mara tano kwa siku. Uvuguvugu ni muhimu, paka anakula kwa pua, na chakula kilichotoka friji hakinuki kitu. Kitunguu usitie, wala kitunguu swaumu, hata kwenye supu, vinaharibu damu yake. Na yule jirani atakayekwambia umpe maji ya kitunguu swaumu kusafisha figo, mshukuru, mkaribishe chai, usimpe paka.

Dawa yoyote usiifiche kwenye chakula anachokipenda. Kosa hilo nilifanya wiki ya kwanza. Nilisaga kidonge nikachanganya na samaki aina ya changu, akala vijiko viwili, akagundua, na samaki huyo hakumgusa tena karibu mwezi mzima. Kidonge kina sehemu yake na chakula kina sehemu yake, hata chumba ikiwezekana viwe tofauti. Mimi kidonge natoa juu ya mashine ya kufulia, sahani iko jikoni.

Namna ya kumpa: tandika kanga, mweke katikati, mfunge kama unavyombeba mtoto mchanga, kichwa tu kibaki nje na miguu ya mbele iwe ndani kabisa, ukiacha mmoja nje utaujua. Mgongo wake uelekee tumbo lako. Mkono mmoja ushike kichwa kwa juu, vidole kwenye mashavu, uinue pua iangalie dari, taya la chini litalegea lenyewe, alafu kwa kidole cha mkono mwingine unalishusha na kudondosha kidonge nyuma kabisa ya ulimi, pale katikati. Ukikiweka mbele atakutemea. Funga mdomo, shusha kichwa, msugue koo. Akiramba pua amemeza. Asiporamba subiri, Kashata ana tabia ya kukaa na kidonge shavuni dakika nzima anakuangalia tu, afu anakiacha chini ya kabati ambako utakikuta siku ya kufagia.

Na hapa usipitie haraka: baada ya kidonge mpe maji, mililita 5 hivi, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni ya mdomo, taratibu asije akapaliwa. Kidonge kikavu kinaweza kukwama kwenye umio la paka na kuunguza, na ile antibayotiki ya doksisaiklini ndiyo mbaya kuliko zote, inaweza kuacha kovu linaloziba njia ya chakula. Wengi hawaambiwi hili.

Povu. Siku ya kwanza utadhani anakufa. Vidonge vichungu kama metronidazoli vikigusa ulimi, paka anatoa mate na povu kama sabuni, anatikisa kichwa, anakimbia nyumba nzima. Mara nyingi ni uchungu tu, mpe maji au kitoweo kidogo, dakika kumi yameisha. Siku nyingine usikivunje hicho kidonge, au kifunike kwa tone la samli.

Tuje kwenye madhara ya dawa zenyewe, maana hapa ndipo watu wengi wanakata tamaa wakaacha kila kitu. Mimi niliacha. Kliniki ya kwanza tulipewa dawa tano siku moja, jioni Kashata akaanza kutapika, hakuna aliyejua ni ugonjwa au ni dawa ipi, mi nikazisitisha zote ikiwemo ya presha. Ujinga, kwa sababu presha ya juu inaendana sana na figo, na ikiachwa inaweza kumpofusha paka ghafla, unaamka asubuhi mboni zimetanuka anagonga kuta. Nilibahatika haikufika huko. Tangu hapo naomba daktari, kama hakuna dharura, tuanze dawa moja, tukae siku tatu nne, ndipo ije nyingine. Kikitokea kitu unajua mkorofi ni nani.

Kwa hiyo unahitaji daftari. La shule tu, la kurasa 40. Naandika saa ya dawa, amekula nini na kiasi gani, ametapika saa ngapi na ilikuwa kabla au baada ya kidonge, mabonge ya mkojo mangapi kwenye mchanga, kinyesi kigumu au laini. Akitapika nusu saa baada ya dawa siku tatu mfululizo, kurasa zitakuonyesha kabla hata ya kumuuliza mtu. Kila Ijumaa nampima: namweka kwenye beseni juu ya mizani ya jikoni, natoa uzito wa beseni. Usidharau gramu. Paka akishuka kutoka kilo 4.1 mpaka 3.8 ni sawa na mtu wa kilo 60 kupoteza zaidi ya kilo 4, na kwa macho tu hutaona maana manyoya yanaficha.

Dawa ya hamu ya kula ndiyo iliyotupa usiku mrefu kuliko wote. Inaitwa mirtazapini, ni ya binadamu, kidonge cha miligramu 15, na paka wa figo anapewa kipande kama sehemu ya nane, tena siyo kila siku, tuliambiwa kila baada ya saa 48 kwa sababu figo zilizochoka zinachelewa kuitoa mwilini. Sasa kata wewe kidonge kidogo hivyo mara nane kwa wembe juu ya sahani. Kipande kikaruka, umeme ukakatika, nikampa nilichokidhania kuwa ndicho, kumbe ilikuwa robo. Saa tano usiku Kashata akaanza kutembea. Jikoni, sebuleni, chumbani, mlangoni, anarudi, analia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ile ya paka anayetafuta watoto wake, macho meusi yote, masikio yanatetemeka, akila sahani inaisha anataka nyingine, akipandishwa kitandani anashuka. Mama akatoka chumbani kauliza kama paka amepagawa. Nikampigia daktari saa saba usiku, bahati akapokea, akanambia nimweke chumba chenye giza na utulivu, nisimpe tena mpaka aseme yeye, na akianza kutetemeka mwili mzima au kupata joto kali nimpeleke palepale maana ipo dawa ya kuizima. Jioni ya kesho yake alikuwa amelala kama gunia. Siku hizi vipande vinakatwa kliniki, kila kimoja nakifunga kwenye karatasi ya foili na kukitia kwenye kiberiti kitupu. Na dozi yake sahihi inamfaa kweli, anakula, analalamika kidogo, basi.

Nyingine kwa haraka. Sindano ya kuzuia kutapika inauma ikiingia, ikiwa imetoka friji uchungu unapungua, muulize daktari. Antibayotiki zinaleta kuharisha, nyingi zinakaa vizuri zikienda na chakula, lakini usikatishe dozi bila kuuliza. Kama paka wako yuko kwenye prednisoloni kwa ajili ya pumu au matumbo, atakunywa sana, atakojoa sana na atakula kama mwenda wazimu, hiyo ni dawa inaongea, ila usiikate ghafla hata siku moja, inashushwa polepole kwa maelekezo. Dawa ya kufunga fosforasi inachanganywa na chakula maana kazi yake iko humohumo kwenye chakula, hiyo pekee naivunjia ile sheria yangu. Inaweza kumfungisha choo, na paka wa figo tayari ni mkavu, kwahiyo ukiona anakaa kwenye mchanga anajikamua hakuna kitu sema mapema.

Drip ya chini ya ngozi. Majirani walicheka mpaka basi, "unamtundikia paka drip?", nikawaambia ndiyo, kwenye nondo za dirisha. Usijifunze peke yako, daktari akuonyeshe mara mbili na wewe ufanye mara ya tatu akikuangalia. Yetu ni Ringer, maji ya drip yenye chumvichumvi, mililita 100, siku alizopanga yeye. Famasi wakikwambia haipo chukua ya glukosi, kataa, hiyo siyo ya kuweka chini ya ngozi. Chupa naiweka kwenye bakuli la maji ya moto kidogo mpaka nikidondosha kwenye kifundo cha mkono sisikii joto wala baridi, sindano mpya kila mara, navuta ngozi katikati ya mabega iwe kama hema, naingiza chini ya hema, nafungua. Dakika kama tano mpaka kumi. Anapewa samaki wakati huo. Atabaki na nundu, nundu itateremka mpaka mguuni aonekane kama kavaa mkono wa koti uliojaa maji, ni kawaida, kesho inakuwa imeisha. Kama kesho bado ipo usiongeze nyingine, piga simu.

Na jifunze kuhesabu pumzi zake akiwa amelala fofofo: kupanda na kushuka kwa ubavu ni moja, hesabu dakika nzima. Chini ya 30 sawa. Ikivuka hapo na inaendelea, hasa kama ametoka kuwekewa maji, usisubiri asubuhi. Vilevile usisubiri akipumua mdomo wazi, akishindwa kukojoa, akipofuka ghafla, akianguka, fizi zikiwa nyeupe au za kahawia, au akitapika kila kitu pamoja na maji.

Nusura nisahau, na hii ndiyo inaua wengi kwa nia njema. Panadol usimpe. Hata nusu, hata ya maji ya watoto. Ini la paka haliwezi kuisaga, damu inageuka kahawia inashindwa kubeba hewa, uso unavimba, na anaweza kufa. Dawa za maumivu za nyumbani kama diklofenaki na ibuprofeni nazo hapana, hizo zinamalizia figo. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye pemethrini hapana.

Sasa lile swali ambalo kila mtu analiogopa, lini inatosha. Daktari aliniambia niandike vitu vitatu Kashata anavyovipenda, niviangalie hivyo badala ya kumwangalia yeye na machozi. Nikaandika: jua la asubuhi juu ya cherehani, kugombana na mjusi wa kwenye pazia, na honi ya baiskeli ya muuza samaki, ambayo akiisikia hata awe usingizini anafika getini kabla yangu. Vikipotea viwili na havirudi, tutakaa tuongee.

Mwezi wa pili honi ikapiga siku nne asinyanyue hata sikio. Kichwa kilikuwa kimeinama, kidevu karibu kigusa kifua, nikajua ndiyo basi, nikambeba na kanga yake. Kumbe potasiamu ilikuwa chini, inatoka na mkojo kwa paka wa figo na shingo ndiyo inaonyesha kwanza. Akapewa ya kuongezea. Siku ya tisa asubuhi niko bafuni nikasikia honi, nikasikia na kishindo cha kitu kinaruka kutoka kwenye cherehani, na nilipotoka na taulo muuza samaki alikuwa ameshampa kichwa cha kibua.