Somo: Kuipata kusini kwa nyota ukiwa Mtwara au Lindi

Wengi wakitaka kutazama nyota hukimbilia ufukweni. Kwa somo hili mtapotea: ukisimama ufukwe wa Shangani, Mtwara, ukaikabili bahari, Msalaba wa Kusini, yaani nyota zenye umbo la msalaba zitakazotuonyesha kusini, uko mgongoni mwako. Uwanja wa mpira wa kijijini ni bora, mradi mikorosho isizibe kusini.

1. Nenda kati ya Juni na Agosti, masika yameshaisha, tena siku za giza, zile ambazo wavuvi wa dagaa hutoka na taa. Mbalamwezi hufuta nyota hafifu. Simu iwe mfukoni, macho yazoee giza kwa dakika 20 hivi.

2. Katikati ya Juni, saa moja na nusu usiku, Msalaba husimama wima. Nyoosha mkono, kunja ngumi: uko kama ngumi nne juu ya upeo wa macho. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu kulia kwake kuna msalaba wa uongo, mkubwa zaidi na hafifu. Wa kweli una nyota mbili kali upande wa kushoto. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alfa Sentauri, jirani wa Jua letu, umbali wa miaka ya nuru 4 na kidogo tu (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja).

3. Mstari mrefu wa Msalaba urefushe kwenda chini mara nne na nusu. Utaishia mahali pasipo na nyota yoyote kali, ngumi moja juu ya upeo, maana sisi tuko kama nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, na ngumi moja ni kama nyuzi 10. Shuka wima mpaka ardhini: hiyo ndiyo kusini.

Maswali

*Mwalimu, shikamoo. Desemba nimeutafuta saa mbili usiku, sijauona.*
Marahaba. Saa hiyo umezama. Huchomoza karibu na saa sita usiku, kwa hiyo amka kabla ya alfajiri. Jioni za Desemba tazama Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kaskazini mashariki.

*Kile cha "kikizama kwa jua huzuka kwa mvua"?*
Hichohicho. Mwanzoni mwa Mei huzama jioni mvua zikikatika, na Novemba huzuka jioni mvua zikinukia. Kwa mikoa yetu yenye msimu mmoja wa mvua, wazee walipima vizuri.

*Nyota ya Kaskazini tunaiona?*
Hapana, iko chini ya upeo wetu.

*Lazima darubini?*
Si lazima. Ukipata ndogo ya mkononi, ielekeze jirani ya nyota ya kushoto ya Msalaba wenyewe: kuna kundi la nyota zilizobanana.