Kuunga waya wa hita ya printa ya 3D bila lehemu

Mara ya kwanza nilitumia lehemu, na kiungo kikaachia printa ikiwa katikati ya kazi. Lehemu ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye sentigredi 183. Pua inayochapa plastiki ya ABS hupita 220. Isitoshe, nikromu, yaani aloi ya nikeli na kromiamu inayotengeneza waya wa hita, hujivika utando wa oksidi ya kromiamu, hivyo lehemu huteleza juu yake kama maji kwenye jani la mgomba. Hapa dawa ni kubana.

1. Zima printa, chomoa umeme, kisha kata waya. Hita ya volti 12 yenye omu 6 hula ampea 2, yaani wati 24. Nikromu ya milimita 0.2 ina takriban omu 35 kwa mita, kwa hiyo sentimita 17 ndizo za kupasha joto. Acha sentimita 6 za ziada kila upande.

2. Sugua ncha kwa msasa laini mpaka zing'ae.

3. Kunja zile sentimita 6 katikati, zirudi juu ya zenyewe, uzisokote. Wengi huruka hatua hii, nayo ndiyo roho ya kazi. Mkondo ukigawanyika kwenye nyaya mbili, kila moja hutoa robo tu ya joto, na kiungo kinabaki na nafuu.

4. Chukua kimrija cha shaba kisicho na ganda la plastiki. Ingiza mkia wa nikromu na waya wa shaba vilale pamoja, ubane kwa koleo la kubania sehemu mbili. Waya huo uwe na ganda la silikoni au tefloni, PVC italainika. Sasa vuta kwa nguvu. Ukiteleza hata kidogo, kata uanze upya. Aliyewahi kusokota koili ya jiko la umeme iliyokatika anajua: hukatika tena palepale. Kiungo kilicholegea huongeza ukinzani, ukinzani huleta joto, joto huzidisha oksidi, na oksidi huongeza ukinzani.

5. Vika kiungo soksi ya fiberiglasi, kikae nje ya sehemu ya moto.

6. Pima kwa mita ya umeme. Omu zikipanda sana juu ya 6, kiungo hakijashika. Pima pia kati ya waya na pua yenyewe: mita isionyeshe muunganiko wowote. Kisha washa, ukae hapohapo dakika kumi ukitazama kama kuna moshi.