Jik na ndimu zisikutane kwenye beseni moja

Msimu wa korosho ukishika kasi Masasi na Newala, nguo nyeupe zinarudi nyumbani na madoa ya bibo, na hapo ndipo watu humimina Jik kisha wakakamulia ndimu juu yake ili doa litoke upesi. Usifanye hivyo. Jik ina klorini iliyotulia ndani ya maji. Ikiguswa na asidi, iwe ya ndimu, siki au dawa kali ya choo, klorini hutoka ikiwa gesi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa karibu mara mbili na nusu, kwa hiyo hukaa chini, pale alipoinama anayefua na anapocheza mtoto.

Doa bichi lisuuze papo hapo kwa maji baridi, kamulia ndimu, acha dakika 15, kisha suuza kwa maji mengi. Sabuni ya kipande na magadi visitangulie, maana huzidisha weusi wa doa la bibo. Likigoma, na nguo ni pamba nyeupe tupu, badilisha maji yote: kijiko 1 cha chakula cha Jik kwa lita 1 ya maji baridi, loweka dakika 5 hadi 10, suuza. Maji ya moto huipunguzia Jik nguvu.

Chooni hatari ni mbili. Mkojo una amonia, nayo ikikutana na Jik hutoa kloramini inayochoma macho na kifua. Mwaga maji mengi kwanza. Dawa ya choo yenye asidi itumie siku nyingine kabisa.

Siki na baking soda hazina sumu, ila povu lake huwadanganya wengi: zinamalizana nguvu. Magamba ya birika yanataka siki peke yake, nusu kwa nusu na maji, ichemshwe kidogo na kuachwa nusu saa. Mchanganyiko wenye povu usiufungie kwenye chupa, utapasuka.

Ukisikia harufu kali inayowasha koo, toka nje mara moja. Usirudi kumwaga wala kuongeza kitu kingine. Macho yaoshe kwa maji safi dakika 15. Kifua kikibana, nenda hospitali ya Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi) hata kama umepata nafuu, kwani mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye.