Kabla ya kununua DAP, jua viazi vilikuachia nini

Huku kwetu Njombe, ukishavuna viazi mviringo, msimu unaofuata unapanda mahindi palepale, na mkono unakwenda wenyewe: kila shimo kisoda kimoja cha DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi na naitrojeni. Nimefanya hivyo miaka mingi. Siku hizi sinunui mfuko kabla ya kujua udongoni kumebaki nini.

Anza na daftari. Kila kipande cha shamba kiandikie kilipandwa nini, kilikula mifuko mingapi ya mbolea na kilitoa magunia mangapi. Viazi tunavimwagia mbolea nyingi, na fosforasi ni nzito kuhama: isiyotumika hubaki, na mahindi huifaidi kiasi. Naitrojeni usiihesabu kuwa akiba, maana mvua zetu huizamisha chini mizizi isikofika. Potashi huondoka shambani na viazi vyenyewe. Kwenye mahindi nyingi imo kwenye mabua, kwa hiyo ukimuuzia mabua mwenye ng'ombe, umemuuzia na potashi. Maharage nayo tunayasifu mno kwamba huacha naitrojeni udongoni. Ukiyang'oa na mashina ukaenda kuyapigia nyumbani, sehemu kubwa ya naitrojeni umeibeba.

Kisha pima udongo mapema, kabla mvua hazijakaribia. Kwa kila kipande chukua udongo sehemu 15 hadi 20, ukipita kwa kupindapinda, kina cha sentimita 20. Ruka vichuguu, njia na mahali palipolundikwa samadi. Tumia ndoo safi ya plastiki. Ya bati huchafua sampuli kwa zinki. Changanya, bakiza nusu kilo, anika kivulini, andika jina la kipande. Kisha ipeleke maabara ya udongo; sisi tuko karibu na TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, Mbeya.

Usisahau kuomba pH, kipimo cha uchachu wa udongo. Ikiwa chini ya 5.5, fosforasi hunaswa na chuma na alumini: ipo, lakini mmea hauipati. Hapo fedha ya kwanza ni ya chokaa, kupunguza uchachu.

Majibu yakionyesha fosforasi inatosha, bado usiache DAP shamba zima kwa mara moja. Acha mistari mitatu katikati bila DAP, chomeka vijiti pande zote mbili. Kumbuka mfuko wa DAP wa kilo 50 una naitrojeni kilo 9, basi mistari hiyo ifidie kwa urea kidogo, mbali na mbegu isije ikaunguza, la sivyo utakuwa umepima njaa ya naitrojeni. Wiki ya tatu chuchumaa uangalie majani ya chini. Yangu, pale bondeni palipotoka viazi, yalikuwa kijani sawa na ya mistari ya pembeni yenye DAP. Kule juu, mahindi yaliyofuata mahindi, kingo zilikuwa zambarau kama ngozi ya kitunguu, dalili ya njaa ya fosforasi.

Mistari hiyo nilivuna peke yake nikapima kwa debe. Ya bondeni haikupungua. Msimu uliofuata bondeni niliweka nusu kisoda, na DAP iliyobaki nikaipandisha juu.