Gari ikilala kwenye kona, usikimbilie kulaumu shokapu
Shokapu zinazojirekebisha kwa umeme hupunguza kasi ya bodi kulala unapokata kona ghafla. Kwenye kona ndefu, kiasi cha kulala huamuliwa na springi na stebilaiza (fimbo ya chuma inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili bodi isilale sana). Kwa hiyo anza na bushi na linki za stebilaiza, ni bei rahisi mno kuliko shokapu.

Njia za mawe za vilimani Mwanza, weka Comfort (hali laini ya shokapu): vali ndani ya shokapu hufunguka, oili hupita kirahisi, tairi hupanda jiwe bila kukurusha. Sport (hali ngumu) iache kwa lami ya Magu.

Kagua soketi ya waya kwenye shokapu. Ikiwa na kutu ya kijani, vali haipati umeme, ugumu unabaki uleule. Oili ikitiririka, badilisha zote mbili za ekseli hiyo.